Waliobeba walibeba vya maana, wakatuachia makorokoro: nilivyopanga nyumba upya baada ya kumaliza kausha damu

#1 Madam wa Chanika (mtoa mada)

Salaam wanajamvi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Oktoba 2024 nililipa rejesho la mwisho la madeni yangu, likiwemo la kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kali. Nilidhani siku hiyo nitapiga vigelegele. Nikarudi nyumbani, nikakaa juu ya ndoo kwa sababu kochi lilikuwa limejaa nguo, nikaiangalia sebule yangu. Sakafu ya mkwaruzo inayochubua visigino vya watoto. Ukuta ni plasta tupu yenye alama za mafuta ya vichwa. Kona imepangwa maboksi mpaka yamefunika nusu ya dirisha. Nikasema kumbe miezi yote 19 ya kulipa nilikuwa napigania hapa.

Deni lilianza 2022. Injini ya bodaboda ya mume wangu ilikufa wiki ileile mama yangu amelazwa. Nikakopa kikoba. Marejesho ya kikoba yakanishinda, nikakopa SACCOS ili nilipe kikoba. Mshahara ukawa unaingia umeshakatwa, nikaenda kwa kausha damu. Laki 5, narejesha 26,000 kila siku kwa siku 30. Pigeni hesabu: 780,000. Mimi ni mwalimu wa hisabati darasa la 6, asilimia nafundisha mwenyewe ubaoni, na nilisaini asilimia 56 kwa mwezi mmoja nikiwa na akili zangu timamu.

Siku ya 12 nikakwama. Faini juu ya faini. Siku ya siku kirikuu yao, kile kigari kidogo cha mizigo, ikapaki nje saa 1 asubuhi, Jumamosi, majirani wote wanafagia. Wakabeba TV, friji, sabufa, jiko la gesi na mtungi wake. Kijana mmoja akaingia stoo, akainua feni yangu iliyokufa tangu 2017, akaigeuzageuza, akairudisha chini taratibu kama mtu anayemrudishia mama mtoto wake. Akatoka mikono mitupu.

Hiyo picha haijanitoka. Nina chumba kizima ambacho hata mkaushaji damu hakukitaka. Na chumba chenyewe kwenye ramani ni cha binti yangu, ambaye kwa miaka 5 amelala sebuleni kwenye godoro la kukunja.

Aprili 2023 nikakaa na daftari. Madeni yote pamoja 3,840,000. Tukalipa wastani wa laki 2 na kidogo kila mwezi. Jinsi tulivyolipa sitaeleza sana, mnajua wenyewe: dagaa, daladala moja badala ya mbili na kipande cha mguu, mchezo wa walimu nikatoka, sare za harusi nikawa nasema sitafika.

Sasa laki 2 imerudi mkononi. Nimeigawa hivi: laki 1 haiguswi kabisa, ni ya siku injini ikifa tena. 60,000 imeongezwa kwenye tumbo, tulikuwa tumekonda. 40,000 ni ya nyumba. Kwa 40,000 hujengi kitu, kwa hiyo likizo ya Desemba nikaanza na kutoa.

Siku 4. Nilichokikuta stoo:

Ndoo 11 za rangi za lita 20, kati ya hizo 6 zinavuja. TV ya chogo. Deki. Chaja za simu 23, nyingi za pini nyembamba, simu zenyewe zilishakufa na kuzikwa. Sufuria zilizotoboka. Madaftari ya wanafunzi tangu 2014. Sare za harusi 14, kuna vitenge ambavyo wenye harusi yao walishaachana. Na gunia la rambo, ile mifuko ya plastiki. Rambo zilipigwa marufuku Juni 1, 2019, mimi nimehama nazo mwaka huohuo, nikazitunza kama hati ya kiwanja.

Kila nilichokishika kilikuwa na ahadi yake. Feni: "nikipata hela nitaipeleka kwa fundi." Sufuria: "nitaziba." Kitenge: "nitashonea mto." Yaani nimemaliza kulipa watu, kumbe nina foleni nyingine ya wadai stoo, na hawa hata kunipigia simu hawapigi.

Mnunuzi wa chuma chakavu wa kwanza alikuja na mizani ya kuning'iniza. Akasoma haraka: "Mama, kilo 19." Ticha wa hisabati nimeshapigwa mara moja, mara ya pili hapana. Nikamtuma mtoto kwa muuza nyama akaazime mizani. Kilo 31. Mnunuzi akacheka, akasema mizani yake "imechoka na jua". Nikamwacha aende na jua lake, nikamuuzia mwingine.

Hesabu: chuma kilo 31 kwa 800 ni 24,800. Alumini, yaani sufuria mbovu, kilo 6 kwa 3,000 ni 18,000. Chupa za plastiki 1,200. TV ya chogo kachukua fundi wa spea kwa 10,000. Madaftari, kanunua mama wa karanga kwa 6,000. Kabati la vyombo la vioo 45,000. Jumla 105,000.

Kabati lilileta ugomvi, nitalisema baadaye.

Hiyo 105,000 nikaongeza 16,000, tukapiga niru, yaani sakafu laini ya saruji, sebule na chumba cha mtoto. Saruji mifuko 2 kwa 33,000, mchanga ndoo 20 kwa 10,000, fundi 30,000. Rangi ya maji ndoo kubwa 40,000, rola na msasa 8,000. Rangi tumepaka wenyewe, mimi na baba watoto, usiku, redio ya simu inaimba.

Binti amehamia chumbani kwake tarehe 28 Desemba. Akafunga mlango. Nikasikia anafungua na kufunga, anafungua na kufunga.

Maswali karibuni.

#2 Kobe la Mjini

Uzi bila picha? Hii chai, lakini naona imekolea tangawizi. Naendelea kunywa.

#3 Mla Karanga

Wiki iliyopita nimenunua karanga Gongo la Mboto zimefungwa kwenye karatasi ya hesabu. Mtoto kapata 3 kati ya 10 na chini kaandikiwa kwa wino mwekundu "Njoo na mzazi". Madam, naomba kujua kama mzazi alikuja.

#4 Madam wa Chanika

@Mla Karanga nilichana majalada yote yenye majina kabla ya kuuza. Mzazi hakuja.

@Kobe, picha siweki, majirani wapo humu. Amini au usiamini, bei ni ileile.

#5 Fundi Brashi

Madam hongera kwa niru. Mafundi wengi siku hizi wanaidharau, wanakusukumia tailizi, wakati niru iliyopigwa vizuri unakaa nayo miaka. Swali: alimwaga saruji kavu juu ya plasta ikiwa bado mbichi akasugua kwa mwiko wa chuma, au alisubiri ikauke ndiyo akapaka uji? Kama ni la pili, jiandae, itabanduka magamba. Na je, mlimwagilia maji siku ngapi?

Halafu rangi. Umesema kuta zilikuwa plasta tupu. Mlipaka praima, ile rangi ya kutangulia? Mlikwangua? Kuna kona yoyote chini ina ungaunga mweupe kama magadi?

#6 Madam wa Chanika

Fundi, sakafu ilikuwa mbichi, nilisimama pale mwenyewe. Maji tumemwagia siku 4, siku ya 5 watoto wameshaanza kuteleza kwa soksi nikashindwa kuwazuia.

Praima hatukupaka, hela iliishia kwenye ndoo. Ungaunga upo, kona ya chumba cha mtoto upande wa nyuma. Tulipiga msasa ukatoka, tukapaka juu.

#7 Fundi Brashi

Siku 4 si haba, ila saruji inataka wiki nzima ikiwa na unyevu ili ishike. Umepona tu kwa sababu Desemba ilikuwa na mawingu.

Kwenye kona sikufichi: masika haimalizi, rangi itavimba. Huo weupe ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda kwenye tofali, yakifika juu yanakauka yanaiacha chumvi, chumvi inaisukuma rangi. Inatokea sana kwenye nyumba zetu ambazo kati ya msingi na tofali za kwanza hapakuwekwa karatasi ya kuzuia unyevu, kwa sababu siku ya kujenga hela ilikuwa imebaki ya tofali tu. Ukipaka rangi ya bei yoyote juu yake, hata ya laki 2, ni kumfunika mgonjwa shuka jipya.

Toka nje uangalie ukuta huo. Nahisi maji ya paa yanadondokea palepale, au udongo umepanda umefunika msingi, au mnaogea hapo.

#8 Madam wa Chanika

Tunafulia hapo.

#9 Fundi Brashi

Nilijua. Hamisha kufulia kwanza, halafu chimbua udongo uache msingi uonekane, uupe mteremko maji yakimbie. Hiyo ni jembe na Jumapili moja, haina gharama. Rangi iache ibanduke yenyewe, ukwangue, uache ukuta wazi ukauke wiki kadhaa, kisha upake chokaa badala ya rangi ya plastiki.

#10 Mie wa Kisauni

Natoka Mombasa, na hapo kwa chokaa fundi kasema kweli tupu. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta pana, na unyevu wa bahari uko papo hapo mlangoni. Chokaa huupisha unyevu ukatoka. Kuna jirani wetu alikuja na fundi kijana, akakandika saruji juu ya ukuta wa kale na rangi ya kung'aa juu yake. Haukupita mwaka, ukuta wafura kama mandazi.

Hayo ya mikopo pia, huku kwetu twawaita mashailoki. Watu ni wale wale, gari tu ndilo tofauti.

#11 Mgeni 2025

Habari! Je unahitaji mkopo wa haraka wa kumalizia nyumba yako? Pata hadi 2,000,000 ndani ya dakika 5 bila dhamana bila mdhamini. Njoo inboksi sasa.

#12 Kobe la Mjini

Huyu kaingia msibani na ngoma 😂

#13 Uniti 75

@Mgeni 2025 leseni yako ya Benki Kuu ni namba ngapi? Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) walitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zisizo na kibali. Na kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni wasiopokea amana, ukomo wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa ile laki 5 ya Madam, riba ya mwezi ilitakiwa isizidi 17,500. Yeye alitozwa 280,000. Tofauti hiyo ingepiga niru na rangi yako mara mbili.

Madam, umesema friji ilibebwa. Umeme ukoje?

#14 Madam wa Chanika

@Uniti 75 hapo ndipo pa kucheka. Mwezi wa kwanza bila friji na TV tulitumia uniti 41. Zamani nilikuwa nanunua umeme wa 30,000 na unakata kabla ya mshahara. Friji yenyewe ilikuwa ya mtumba, mpira wa mlango umelegea, inanguruma usiku kucha kama trekta, ndani kuna maji ya kunywa na nyanya 3.

#15 Uniti 75

Basi nenda TANESCO uulize kama uko kwenye ile bei ya matumizi madogo. Ukiwa chini ya uniti 75 kwa mwezi, kwa bei za mwanzoni mwa 2025 uniti moja ukijumlisha na makato inakuja 122. Bei ya kawaida ni 356. Uniti zako 41 kwa bei ndogo ni kama 5,000, kwa bei ya kawaida ni 14,600. Kuna watu wanatumia kidogo miaka na miaka wanalipa bei kubwa kwa sababu hawajawahi kuuliza dirishani. Ukivuka 75, zinazozidi zinapigwa bei juu, kwa hiyo usinunue friji ya pili ya mtumba kwa furaha ya kumaliza deni. Na usishtuke ukinunua mara ya kwanza kwa mwezi ukakatwa 1,500, ile ni kodi ya jengo.

#16 Mzee Kigoda

Mabinti na vijana, nimesoma kimya. Mnashangilia kutupa. Nawauliza, siku ya msiba mtamkalisha nani wapi? Mtapikia nini? Sufuria iliyotoboka huzibwa. Ndoo inayovuja huhifadhi mahindi. Sisi tuliokuwepo mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, sabuni ya foleni, sukari ya foleni, hatutupi hata msumari uliopinda. Tunaunyoosha. Kitu hukithamini siku unayokikosa dukani na hela unayo mfukoni.

Na kabati la vyombo ni heshima ya mwanamke ndani ya nyumba. Umeliuza kwa 45,000?

#17 Madam wa Chanika

Shikamoo mzee. Nashukuru umelileta kabati, maana wenzio walilipita.

Kuhusu msiba, sufuria kubwa nimebakiza moja, ile ya kilo 10, nzima. Viti na maturubai kikundi cha mtaa kinavyo, nachangia kila mwezi. Viti vyangu 4 vya plastiki vilivyovunjika mguu visingemsaidia mfiwa. Na ndoo zinazovuja sijazitupa mzee, zote 6 nimezitoboa zaidi chini, nimejaza udongo na samadi, nimepanda mchicha na matembele.

Baba yangu naye ananyoosha misumari. Namwelewa. Ila baba anainyoosha halafu anaigongelea. Mimi nilikuwa nairundika.

Sasa kabati. Kitchen party yangu ilikuwa 2011. Nilipewa seti ya glasi 12 zenye mdomo wa dhahabu, bakuli za udongo, sahani za maua, hotipoti 3. Vikapangwa kwenye kabati la vioo, likafungwa, ufunguo juu ya dari. Miaka 13. Tulikuwa tunakula kwenye sahani za plastiki zilizochanika kingo, wanangu wanakunywa maji kwenye kopo la siagi, vyombo vya wageni vinatutazama nyuma ya kioo. Wageni wakija na wao tunawapa soda kwenye chupa.

Nilipofungua kabati, glasi moja bado ina kibandiko cha bei chini. Nikaviosha vyote, nikavipanga kwenye rafu ambayo mume wangu ameitengeneza kwa mbao za kumwagia linta zilizobaki. Sahani za plastiki zote zimeondoka. Tunakula kwenye vyombo vya wageni, ugali na mlenda, kila siku. Glasi 2 zimeshavunjika. Mama mkwe alipokuja akaona pengo la kabati, hakusema na mimi siku nzima. Jioni nikampa chai kwenye kikombe chenye maua. Akakigeuza, akakiangalia chini, akasema, "Hivi si nilivinunua mimi hivi?" Nikamwambia ndiyo mama, ni wewe. Akanywa vikombe vitatu.

Kwa hiyo mzee, heshima ipo, imehamia rafuni.

#18 Mzee Kigoda

Marahaba. Mchicha nimeukubali. Kabati bado.

#19 Dada wa Muscat

Mimi niko Oman mwaka wa 6. Nimesoma hapo kwenye kabati nikashindwa kuendelea, nikarudi tena leo.

Kila mwaka natuma maboksi nyumbani Tanga. Thamosi, mablanketi mazito (Tanga na joto lile, sijui niliwaza nini), seti za sufuria, mashuka, sabuni. Mwaka juzi nilienda likizo. Chini ya kitanda cha mama kuna maboksi yangu ya 2019 hayajafunguliwa, gundi iko vilevile na mwandiko wangu juu yake. Nikamuuliza mama kwa nini. Akasema, "Nakuwekea. Ukirudi utaanzia wapi maisha?"

Mama analala kwenye shuka lililotoboka juu ya mashuka yangu 12.

Nimfanyeje bila kumvunja moyo? Nikimwambia agawe ataona namkataa.

#20 Mie wa Kisauni

Dada, usimwambie kwa simu. Ukienda, mfungulie boksi moja wewe mwenyewe, utandike kitanda chake kwa mkono wako, mlale wote hapo usiku wa kwanza. Halitarudi boksini tena.

Na ukaache kutuma mablanketi kwa fadhila zako 😂. Tuma pesa ya bati.

#21 Fundi Brashi

@Dada wa Muscat hapo kwenye bati nina neno. Ukituma hela ya bati, mwambie mtu apige picha ya mbao za chini kwanza. Bati jipya juu ya kenchi iliyoliwa na mchwa ni hasara mara mbili. Uzi wake mwingine, nisiharibu huu.

#22 Kobe la Mjini

Madam nimeacha utani. Mimi niko katikati ya deni sasa hivi, bado 1,200,000. Chumba kimoja na sebule, Buguruni, nimepanga. Nasubiri nimalize ndiyo nianze kupanga nyumba au nianze sasa? Mke anasema hana nguvu hata ya kufagia.

#23 Madam wa Chanika

Kobe, pole sana. Mimi katikati ya deni sikuweza kugusa kitu. Kila ukitaka kutoa kitu unasema labda kesho tutakiuza. Ukiona kitu kinauzika kweli, kiuze leo ukate deni, usikisubirie bei. Feni yangu 2017 fundi alisema kuisuka upya ni 15,000. Nimeitunza miaka 7. Imeishia kwenye mizani ya chuma chakavu, kilo 3 kasoro. Elfu mbili na ushee.

Ila kitu kimoja ningefanya mapema: kitanda. Chini ya kitanda chetu kulikuwa na masanduku, viatu, pipa la unga, na mende. Tulikuwa tunaamka tumechoka tunadhani ni deni, kumbe na vumbi nalo limo. Kaanzeni hapo, mwambie mke akae tu akuelekeze, utoe wewe. Usiku mmoja.

Na mpangaji usipake rangi nyumba ya mwenye nyumba kabla hujaongea naye mkakubaliana kwa maandishi ikatwe kwenye kodi. Nimeona watu wamepaka, wamepandishiwa kodi kwa sababu "nyumba imependeza".

#24 Kobe la Mjini

Tumetoa chini ya kitanda jana. Tumekuta cheti changu cha kuzaliwa nilichotangaza kimepotea 2021. Na kiatu kimoja cha mtu tusiyemjua.

#25 Mla Karanga

Hicho kiatu kina uzi wake, usikimbie.

#26 Madam wa Chanika

MREJESHO, Aprili.

Mvua imeanza wiki ya pili sasa. Fundi Brashi uliona mbali. Kona ya chumba cha mtoto rangi imevimba mpaka saizi ya chapati, nikaigusa kwa kidole ikadondoka yote. Chini ukuta mbichi na unga mweupe. Binti akanung'unika kwamba ukuta wake unaumwa.

Tulichelewa kuhamisha kufulia, tumehamisha Machi. Jumapili mbili baba watoto kachimba upande wa nyuma. Udongo ulikuwa umefunika msingi kozi nzima ya tofali, sisi tunadhani nyumba ni fupi. Tumeuweka mteremko kuelekea migomba, na maji ya mvua yanakimbilia huko, nimesimama dirishani nikayaangalia yanavyoenda. Ukuta tumeukwangua tukauacha uchi, chokaa tutapaka Juni kukikauka. Gharama mpaka sasa ni jembe kushika mpini mpya, 3,000.

Niru imeshika. Kuna ufa mmoja mwembamba karibu na mlango, hizo ni zile siku 3 nilizowaachia watoto wateleze.

TANESCO nilienda. Dada wa dirishani kaniuliza "Nani kakwambia?" Nikamjibu ni Uniti 75. Hakuelewa, ila kanijazia fomu.

Ile laki 1 ya kila mwezi iko palepale, imefika 600,000. Februari injini ya boda ilisumbua, nikajua imekuja. Kumbe ni plagi.

#27 Uniti 75

Nimesoma nimecheka peke yangu kwenye daladala. TV je?

#28 Madam wa Chanika

Bado. Misumari yake iko ukutani, tulipaka rangi tukaizunguka. Binti amening'iniza kalenda kwenye mmoja, wa pili kofia ya baba yake. Napita duka moja Kariakoo naiangalia bei, natoka. Mume anasema anataka iwepo kabla ya AFCON. Nimemwambia atafute penginepo pa kutundikia kofia kwanza.

#29 Mzee Kigoda

Mwalimu, zile ndoo zinazovuja zimebaki? Za kwangu nilizibadilisha na mahindi. Nataka kujaribu mchicha.

#30 Madam wa Chanika

Shikamoo mzee. Zangu 6 zote zina mboga, ila jirani ana 2, ameshaanza kuziangalia kwa jicho la stoo. Zina nyufa upande. Uje na mbegu za mnafu, hizo sina.

#31 Mzee Kigoda

Marahaba. Zenye nyufa nitaziziba.